Sekunde Nane za Mjomba Nyabuto

Kisii mjini
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpwa wangu Beverlyne,

Bwakire buya. Kama barua hii imekufikia jioni, ifiche uisome kesho asubuhi, nisije nikaonekana mtu asiyejua kusalimu. Mimi ni mzima kama fahali wa maonyesho. Mgongo unauma kidogo, lakini huo ni mgongo wa mtu mwenye kazi. Mama yako nilimwona juzi kule Kebirigo. Chai imechipuka vizuri, na yule ndama mwenye baka amekatika mkia. Nani amemkata hakuna ajuaye. Mbwa anajua ila hasemi. Baba yako bado yuko Nakuru na magari ya watu.

Matroni, najua wewe ndiye wa kwanza kufungua barua za hawa watoto, kwa hivyo pokea salamu zako hapa hapa. Mimi ni mjomba wa huyu msichana, mtu mzima, mwenye kazi.

Sasa tuingie majini. Mashindano ya shule yatakuwa hapa Kisii, Ijumaa ya tarehe 14 Machi, kuanzia saa nane mchana, kwenye lile bwawa la shule ya watu wenye pesa. Mwalimu wenu wa michezo, Angwenyi, alinipata sokoni akaniambia, "Nyabuto, mimi ni mtu wa voliboli. Maji yananitisha hata ya kunawa uso. Wewe ndiye unamfundisha huyu mtoto kila likizo, niletee muda wake wa kuingilia." Nikamwambia amefika kwa daktari mwenyewe. Mimi kule Diani nilimfundisha Mjerumani wa kilo mia na thelathini akaelea kama bata, mke wake akalia machozi.

Nikueleze, maana shuleni kwenu hakuna wa kukueleza. Kila mwogeleaji anapelekewa muda wake kabla. Ni kama harusi: wageni wa kawaida wanaingizwa kwanza, wakubwa wanaingia mwisho. Wenye muda mrefu wanaogelea kundi la kwanza. Wenye kasi wanangoja kundi la mwisho, na yule mkali kabisa anapewa njia ya katikati. Lakini mshindi haangaliwi kundi. Saa za makundi yote zinamwagwa chungu kimoja, mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye anakwenda Kisumu kwenye mashindano makubwa.

Mama yako usiwe na wasiwasi naye. Nilimaliza maneno kwa dakika tano. Alikubali kwa mikono miwili, bado kidogo anichinjie kuku.

Muda niachie mimi.

Mjomba wako,
Nyabuto


Manga
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kileleni, ambako baridi inatuamsha kabla ya kengele. Mimi sijambo. Nilikuwa na homa lakini imeondoka. Tunakula maharagwe na wali uliochoka. Naota mboga ya chinsaga ya mama hata darasani. Pole kwa ndama.

Matroni alisoma salamu zako kwa sauti mbele ya bweni zima. Wasichana wanataka kujua kama una ndevu.

Mjomba, nimefurahi kuhusu mama, lakini nimeshangaa. Desemba aliniambia kuogelea ni kuvua nguo mbele ya watu, na tukakaa siku mbili bila kusemezana. Mtu huyo ndiye alikubali kwa dakika tano? Ulimwambia nini?

Na swali lingine dogo tu. Desemba, mita hamsini, saa yako ilisema thelathini na tatu, na ukarukaruka mpaka ukaangusha neti ya kuokota majani ndani ya maji. Nilitaka tu kujua umeniandikia ngapi. Ni thelathini na tatu?

Wako mtiifu,
Beverlyne


Kisii mjini
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpwa wangu, msomi wa Manga,

Mbuya mono kwa barua. Huku tu wazima. Mama yako ameanza kuchuma chai alfajiri kwa sababu mvua sasa inakuja kila alasiri, tena kwa hasira, radi inagonga mabati kama mtu anayedai kodi. Ndama amezoea kukosa mkia. Ndevu ninazo, za kutosha, waambie.

Matroni, hujambo tena? Nasikia unasoma vizuri kwa sauti.

Hapa hotelini ninakotunza bwawa mambo yamekuwa makubwa. Tajiri wangu, Bwana Omosa, amenipa buti mpya na koti lenye jina langu mgongoni. Sasa hata wageni wakiniona kwa nyuma wanajua ni nani. Na kwa kuwa nina mkono wa bahati, ameniomba pia nimwandikie muda binti yake Linda, yule mrefu, ambaye ulikuwa ukimuacha nyuma Desemba mpaka anajifanya maji yameingia masikioni. Nimemwandikia.

Kuhusu mama, mimi nilisema, yeye akasikia. Kuna watu Mungu amewapa ulimi.

Kuhusu wewe, muda umekwenda, umepokelewa, uko mahali pake. Kazi yako ni kufanya mazoezi ya mkono kitandani kama nilivyokuonyesha, na kula hayo maharagwe.

Nyabuto, mwenye koti


Manga
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa Mjomba,

Natumai wewe na wote nyumbani hamjambo. Mimi niko.

Nilikuuliza ngapi. Ukanijibu koti.

Jana Mwalimu Angwenyi alinisimamisha uwanjani mbele ya timu nzima ya voliboli akaniuliza kama bwawa la mjomba wangu lina matope. "Arobaini na moja, Beverlyne! Kwenye orodha, yule Linda wa Omosa ana thelathini na nne. Mimi nilidhani wewe ndiye samaki." Wakacheka. Tangu jana mimi naitwa Arobaini na Moja, hata kwenye foleni ya chai.

Mjomba, samaki uliyemvua Kendu alikuwa mkubwa kama punda. Nyoka uliyemuua Tabaka alikuwa na masikio. Shule uliachia darasa la saba, lakini ukisimulia mtu anadhani ulifukuzwa chuo kikuu. Maisha yako yote hujawahi kupunguza kitu. Mbona umeanza kwangu?

Nimekaa nikafikiri, na sitaki kufikiri ninachofikiri. Linda ameandikiwa muda wake sawasawa, atawekwa katikati ya kundi la mwisho, watu wote wakiwa wamesimama wakitazama. Mimi nitaogelea mchana na wale wanaoshikilia ukuta. Baba yake ndiye anakupa buti. Baba yake ndiye anakupa koti.

Niambie si hivyo.

Beverlyne


Kisii mjini
Jumatatu, 3 Machi 2025

Beverlyne mtoto wa dada yangu,

Hatujambo. Mama yako anakusalimu. Ndama anakusalimu.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya ndoo ya klorini, nikasimama, nikaisoma tena nimesimama, ikawa mbaya zaidi. Nilivua koti. Nimelitundika msumarini na halitoki pale mpaka wewe mwenyewe uniambie nilivae.

Na yule nyoka alikuwa na masikio. Hilo sirudi nyuma.

Sikiza. Si hivyo. Ungekuwa hapa ningekuapia kwa kitu chochote. Lakini siwezi kukwambia ni vipi, kwa sababu kuna mtu nimemwahidi nitanyamaza, na huyo mtu anaamini kunyamaza siwezi. Unanijua. Kunyamaza kwangu ni kama kumwambia jogoo alale mpaka saa nne. Lakini safari hii nimefunga mdomo, na unaniuma.

Arobaini na moja si uongo wa kukuangusha. Ukiwa majini hakuna anayekukataza kuogelea thelathini na tatu. Hata thelathini na mbili. Saa haijui umewekwa kundi gani. Wacha wacheke, watacheka hadi saa tisa, halafu watanyamaza kwa pamoja.

Ninakuomba kitu kimoja tu, na sijawahi kukuomba kitu isipokuwa ile soda. Usiguse huo muda.

Matroni, leo sina mengi. Lakini salamu ni salamu.

Nyabuto, asiye na koti


Manga
Ijumaa, 7 Machi 2025

Kwa Mjomba,

Hujambo. Mimi sijambo. Huku mvua ni nyingi, nguo hazikauki. Mama anaendeleaje? Mwambie sketi ya shule imenibana. Mwalimu Angwenyi anakusalimu sana.

Usihangaike tena kuhusu ule muda. Sasa mambo yamekaa sawa.

Beverlyne


Kisii mjini
Jumatatu, 10 Machi 2025

Beverlyne,

Salamu nitaleta siku nyingine.

"Sasa mambo yamekaa sawa." Hiyo "sasa" nimeizungusha kichwani tangu asubuhi. Na Angwenyi ananisalimu "sana"? Angwenyi alikuwa hanisalimu hata kidogo, tangu lini sana? Mtoto, umefanya nini? Umemwambia abadilishe. Najua. Mimi mwenyewe nimedanganya watu wengi, najua barua fupi ni nini.

Basi ngoja nivunje mdomo wangu, na dada yangu Esnah anisamehe.

Mama yako hakukubali kwa dakika tano. Nilikaa jikoni kwake kuanzia chai ya asubuhi mpaka kuku wakaingia kulala, na hakuna aliyechinjwa. Alikataa kila kitu. Mwishowe akasema hivi: mashindano ni Ijumaa, na jua likizama Ijumaa Sabato imeingia. "Akiwa amevaa nguo zake na ameketi kando yangu kabla jua halijazama, ataogelea hata mwaka ujao. Likizama yumo majini, au anangoja kuingia majini, huo ndio mwisho wa habari ya kuogelea katika nyumba hii." Halafu akaniangalia vile anavyoniangaliaga. "Na usimwambie nimeweka sharti. Ataniona mimi ndiye adui. Hili ni lako, Nyabuto. Nataka nione kama unaweza kutimiza ahadi moja kabla hatujazeeka."

Mashindano ya mwaka jana nilikuwepo. Yalianza saa nane, radi ikapiga, watu wakatolewa majini, wakarudishwa, wakatolewa tena. Makundi ya mwanzo yalimaliza mapema. Kundi la mwisho, lile la wakali, waliogelea magari yamewashwa taa yamulike bwawa. Ndiyo sababu nikakuweka na wageni wa kawaida. Sekunde nane nimekuongeza, mpwa wangu, nikununulie jua.

Linda sikumwongeza kwa kuwa mama yake Linda hahesabu jua.

Nenda kwa Angwenyi leo. Mwambie arudishe. Kama hawezi, mwambie mjomba wako ni mwongo anayejulikana hadi Keroka, na ule muda mzuri ndio uongo.

Mimi Ijumaa siwezi kuja. Omosa anakwenda kumtazama binti yake, mimi nimeachiwa hoteli na harusi ya watu mia mbili.

Barua hii nimempa mtu wa gari la mkate ili ifike kesho. Matroni mpendwa, tafadhali, mfikishie upesi. Nitakushukuru uso kwa uso.

Nyabuto


Manga
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Natumai hujambo, na harusi iliisha vyema. Mimi sijambo, ingawa sauti imenikauka. Mama nilimwacha mzima. Barua hii nimechelewa kuiandika kwa sababu nilikuwa sijui niianzie wapi.

Kwanza, barua yako ya gari la mkate nimeipata Jumatano hii iliyopita. Ilikaa kwa naibu wa mwalimu mkuu wiki nzima. Matroni alifika kwenye "mpendwa" na "uso kwa uso" akaona hapa kuna jambo, akaipeleka ofisini ichunguzwe. Mimi niliitwa nikaulizwa kama kweli nina mjomba.

Kwa hivyo Ijumaa ile nilikwenda Kisii bila kujua kitu. Na ni kweli, nilikuwa nimemwomba Mwalimu Angwenyi aandike thelathini na tatu. Alifurahi kama mtu aliyeokota simu. Walinipa kundi la mwisho, njia ya nne. Linda njia ya tatu.

Mama alikuja. Sikuamini. Alikaa kwenye benchi la mbele, mwavuli, kikapu chake, ile blauzi yake ya bluu. Nikafikiri amekuja kujivunia. Lakini Mjomba, hakuwa anatazama bwawa. Alikuwa anatazama juu, upande wa mlima.

Mambo yakaenda vile ulivyosema. Saa tisa radi, watoke. Wakarudi. Mvua ya mawe, watoke. Wale wa kundi la kwanza walishamaliza zamani, wamevaa, wanakula mandazi, na mimi nimejifunga taulo natetemeka. Tulipoitwa kundi la mwisho saa kumi na mbili ilikuwa imepita sana. Wingu limepasuka upande mmoja, na pale pameanza kuwa pekundu.

Nikamwona mama anakunja mwavuli. Anachukua kikapu. Nikamkimbilia miguu mitupu. "Mama, ndio sasa naogelea! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Hujaniona bado."

"Nimeona nilichokuja kuona." Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nilijua. Nyabuto ni Nyabuto. Aliapa jikoni kwangu kwamba jua likizama utakuwa umekaa hapa. Sharti moja nilimpa. Akasema, 'Esnah, nitamweka na wale wa kwanza, hilo niachie mimi.' Moja tu, akashindwa."

Mjomba, ile arobaini na moja ilinipanda kutoka kwenye miguu.

Nyuma yangu Angwenyi anaita, "Beverlyne! Kofia! Panda!" Linda ameshapanda jukwaa lake, ananitazama. Mpiga filimbi ananitazama. Bwana Omosa anatazama simu yake. Na ule wekundu umebaki kama kipande cha kitambaa.

Nilijua naweza kumshinda. Nataka ujue hilo. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Nikavua kofia. Nikamwambia mama, "Hakushindwa. Aliniweka na wa kwanza. Ni mimi niliyemfuata mwalimu, nikajiondoa. Nilidhani ameniuza kwa Omosa."

Mama akasimama na kikapu. "Aliandika?"

"Aliandika sekunde nane zaidi. Wamenicheka wiki tatu nzima."

"Na hakukwambia kwa nini?"

"Nilimtukana, na bado hakuniambia."

Halafu akasema, "Nyabuto?" kama mtu anayeuliza kama ni wewe yule yule. Akaketi tena benchini. Akasogeza kikapu nipate nafasi. Nikavaa sketi juu ya nguo ya kuogelea iliyoloa, nikaketi, naye akanifunika na kanga yake. Hapo ndipo filimbi ikapigwa.

Njia ya nne ilikwenda tupu. Linda alishinda kwa thelathini na nne na kidogo. Yeye ndiye anakwenda Kisumu. Nilimpigia makofi, lakini mikono ilikuwa mizito. Jua lilizama bado hawajatoka majini.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa vizuri. Nililala nyumbani, nikalia Sabato nzima, hata kwenye nyimbo. Mama alisikia. Hakuniambia ninyamaze. Baada ya ibada, tukiwa njiani, akaniuliza, "Hiyo nyingine ni lini?"

Mjomba, nilikufikiria vibaya. Vaa koti.

Na kama kuna hiyo nyingine, najiandikisha mwenyewe safari hii. Muda wangu ni arobaini na moja. Atakayecheka na acheke.

Wako,
Beverlyne


Kisii mjini
Jumapili, 30 Machi 2025

Mpwa wangu Beverlyne,

Bwakire, bwakire, bwakire. Ya kwanza ni ya leo, mbili ni za ile barua niliyosahau kusalimu. Huku kila mtu mzima. Ndama ameanza kutupungia kale kabaki kake ka mkia, na mimi ninawaambia watu ni wa aina ya Uholanzi, wanazaliwa hivyo.

Matroni simsalimu. Lakini mwambie kwamba simsalimu.

Barua yako niliisoma chini ya mti wa parachichi nyuma ya jiko la hoteli, ili mpishi asinione. Thelathini na nne na kidogo! Wewe ungemngoja upande wa pili umeshakausha nywele. Hilo nimemwambia Omosa usoni. Akasema koti lirudi. Nimekataa. Jina lililo mgongoni ni langu.

Jana mama yako aliniita. Nilikwenda nikijua nakwenda kupigwa. Nikakuta amechinja kuku. Wa kweli, Beverlyne, mwenye miguu miwili, si wa hadithi zangu. Sikusema neno mpaka nimemaliza paja, nikiogopa ataghairi. Akanijazia sahani mara ya pili, akaniuliza, "Hao wa Mei, kundi la kwanza linaanza saa ngapi?" Maana nilikuwa nimemwambia: klabu moja inaleta mashindano ya wazi hapa Kisii, Ijumaa tarehe 23 Mei. Nikasema saa nane. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Mwandikie muda wa mtu anayetambaa."

Kwa hivyo nimepeleka jina lako. Ulisema arobaini na moja, na mimi ni mtu wa kutii siku hizi. Lakini nimeandika arobaini na moja na nusu.

Hiyo nusu ni ya mvua.

Mjomba wako mwenye koti,
Nyabuto